Mkaguzi, Muuza Chokaa na Fundi wa Madirisha: Tathmini ya Huduma Nilizolipia Kuokoa Nyumba Kongwe

Miaka miwili iliyopita nilinunua nyumba kongwe ya ghorofa moja, yenye kuta nene za mawe na matofali, ambayo wamiliki wake waliotangulia hawakuwahi kupata fedha za kuibadilisha, na hilo ndilo lililoiokoa. Milango yake mizito ilikuwa ingali kwenye bawaba za chuma kilichofuliwa kwa nyundo. Madirisha kumi na moja yalikuwa na vioo vyake vya zamani, vile ambavyo ukivitazama kwa pembeni unaona mti wa nje ukipinda kidogo kama unaotazamwa ndani ya maji. Sakafu ya ghorofani ilikuwa ya mbao pana ambazo leo ni shida kuzipata, na mkono wa ngazi ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu wa vizazi kadhaa. Niliipenda siku ya kwanza, na kwa sababu niliipenda nilijua kwamba macho yangu hayafai kuwa shahidi pekee wa hali yake.

Katika miaka hii miwili nimelipia huduma nyingi, lakini tatu ndizo zilizoamua kama nyumba itabaki na vitu vyake vya asili au itabaki na umbo tu: ukaguzi wa kabla ya kununua, chokaa pamoja na mafunzo ya kuitumia, na ukarabati wa madirisha. Sitaji majina ya watoa huduma, waliofanya vizuri wala waliokosea, kwa kuwa nia yangu ni kuonyesha huduma yenyewe inavyopimwa, ili msomaji aliye mbele ya nyumba ya namna hii ajue la kuuliza kabla hajatia saini.

Naanza na ukaguzi, ambao niliulipia mara mbili. Mkaguzi wa kwanza alikuwa wa kawaida, yule anayekagua nyumba mpya na za zamani kwa fomu moja. Alikaa chini ya saa moja, akapita ukutani na kipima unyevu chenye sindano mbili, na kila alipokichomeka kilipiga mlio. Ripoti yake ilikuwa na kurasa zaidi ya arobaini, nyingi zikiwa picha, na hukumu yake ilikuwa moja: unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa hiyo kuta zitobolewe kwa chini, zidungwe dawa ya kuzuia maji, kisha zipigwe lipu mpya ya saruji hadi usawa wa mita moja. Vitu vya asili alivitaja katika sentensi moja, akisema kwamba madirisha "yamepitwa na wakati" na yabadilishwe.

Kilichonitia shaka ni kwamba kipimo kilisoma juu hata kwenye ukuta wa ndani ambao ukiugusa ulikuwa mkavu kabisa. Baadaye nilielewa sababu. Kifaa kile hakipimi maji moja kwa moja; kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya sindano mbili, na kimerekebishwa kwa ajili ya mbao. Ukuta wa zamani uliokusanya chumvi kwa miaka mingi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kifaa hupiga kelele ileile kwenye chumvi na kwenye maji. Mtu anayetaka kujua kweli huchukua unga wa ukuta kwa kutoboa, anaupima uzito, anaukausha na kuupima tena, au anatumia chupa ya karabidi ambayo hupima gesi inayotoka maji yaliyomo katika unga ule yanapokutana na kemikali iitwayo karabidi. Mkaguzi anayetoa hukumu ya dawa na saruji kwa mlio wa sindano peke yake hajakagua ukuta wa zamani, hata kama amefuata fomu yake hadi mstari wa mwisho.

Mkaguzi wa pili alikuwa mama wa makamo ambaye kazi yake ni majengo kongwe pekee. Nilipompigia simu kutaka aje kesho yake, aliuliza hali ya hewa ikoje, akakataa. "Ndugu yangu," aliniambia, "nataka kuiona nyumba ikinyeshewa." Tukasubiri siku nane. Siku ya mvua alifika na mwavuli, tochi, bisibisi ndefu, pimamaji na darubini ndogo, na kwa muda wa nusu saa hakuingia ndani. Alisimama uani akitazama paa. Kisha akaniita nisimame alipokuwa amesimama yeye, akanionyesha kiungo kimoja cha mfereji wa paa kilichofunguka, maji yakitoka hapo kama kamba, yakigonga juu ya kibustani cha maua na kuurukia ukuta. Udongo wa kibustani hicho ulikuwa umeongezwa mwaka hadi mwaka, na alipoupima kwa pimamaji na kamba tuliona umepita usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita ishirini na nane. Maji hayakuwa na haja ya kupanda kokote, kwa kuwa yalikuwa tayari yako juu ya sakafu na yalichofanya ni kuingia kwa ubavuni.

Kisha akaanza kugonga ukuta kwa konzi. Sehemu ya juu, yenye lipu ya zamani ya chokaa, ilitoa sauti nzito na fupi. Sehemu ya chini, ambayo mtu fulani aliipiga saruji miongo kadhaa iliyopita, ilitoa sauti ya debe tupu. Alinieleza jambo ambalo natamani kila mnunuzi wa nyumba ya aina hii alisikie kabla ya jambo lingine lolote. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa unapata maji na unayatoa, na lipu ya chokaa inayaachia maji yale yatoke kwa mvuke. Saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika, hivyo jengo linapocheza kidogo, kama majengo yote yanavyocheza, saruji hupata nyufa nyembamba kama unywele. Maji hunyonywa na nyufa hizo, na yakishaingia hayapati njia ya kutokea. Yanakwenda ndani, yanabeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na uso wa tofali unang'oka pamoja nayo. Alibandua kipande kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na unga mweupe na tofali lililokuwa limegeuka kuwa vumbi jekundu kwa kina cha ncha ya kidole chake.

Ndani alitumia bisibisi zaidi ya kifaa kingine chochote. Aliichomeka kwenye ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, moja baada ya nyingine, zote kumi na nne. Kumi na mbili zilimkatalia. Mbili, zilizokuwa chini ya kile kiungo cha mfereji, ziliingia bisibisi kama mkate. Alinieleza kwamba kuvu inayooza mbao huhitaji mbao iwe na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na kwamba nikikata njia ya maji kuvu itakosa unyevu inaouhitaji, kwa hiyo ncha zile mbili zikatwe na kuunganishwa mbao mpya bila kugusa boriti nzima. Alikagua matundu ya wadudu akitafuta unga mpya, hakuupata, akaandika kwamba matundu ni ya zamani na hayahitaji dawa. Alitazama hata misumari: ya sakafu ya mbele ilikuwa ya kukatwa kutoka bamba la chuma, yenye pande bapa, na ya chumba cha nyuma ilikuwa ya waya wa mviringo, ambayo ilienea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, naye akahitimisha kwamba chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye au sakafu yake ilibadilishwa.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa kumi na nane, fupi kuliko ile ya kwanza, na ilikuwa na sehemu tatu: yatakayoiumiza nyumba mwaka huu, yanayoweza kusubiri, na yasiyopaswa kuguswa. Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya niione thamani ya fedha yangu. Humo aliorodhesha kila dirisha, kila mlango, kila kitasa na komeo, lipu ya dari ya sebule na hata hatua ya mawe ya mlango wa mbele iliyolika katikati, akieleza kwa kila kimoja kwa nini kibaki. Alinitaka pia nipeleke maabara sampuli za rangi ya zamani kupima madini ya risasi, ambayo ni sumu, na sampuli ya mabati ya saruji ya banda la nyuma kupima asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na akanikumbusha niulize mamlaka ya eneo kama nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa, kwa sababu jibu la swali hilo linaamua ni kazi gani zinahitaji kibali.

Kasoro za huduma yake ninazo mbili. Kuna chumba kimoja ambacho zulia lilikuwa limepigiliwa misumari na mwenye nyumba hakutaka liinuliwe, kwa hiyo sakafu yake haikukaguliwa. Aliliandika hilo waziwazi, lakini ningependa angenishauri nimshinikize muuzaji. Ya pili ni kwamba ripoti ilichelewa wiki mbili, na muuzaji alikuwa amekwisha kuanza kuzungumza na mtu mwingine. Alitoza karibu mara tatu ya mkaguzi wa kwanza. Punguzo nililolipata kwa kumwonyesha muuzaji kurasa za mfereji, udongo na boriti lililipa tofauti hiyo mara nyingi, kwa hiyo sina manung'uniko juu ya bei.

Baada ya kununua nilifuata mpangilio wake. Kazi ya kwanza ilikuwa kuziba kiungo cha mfereji na kuondoa udongo wa kibustani mpaka ukashuka chini ya sakafu, kazi ya siku tatu kwa mtu mmoja mwenye sepetu. Kazi ya pili ilikuwa kubandua saruji. Kazi ya tatu ilikuwa kusubiri. Mafundi wa majengo ya zamani hukadiria kwamba ukuta mnene unakauka milimita 25 hivi kwa mwezi, na ukuta wangu wa mbele una unene wa nusu mita. Miezi ile ndiyo iliyokuwa migumu kwangu kuliko kazi yote iliyofuata, kwa kuwa kila mgeni aliyeona kuta zikiwa wazi aliniuliza kwa nini sipigi lipu, na kila mmoja alimjua fundi ambaye angeimaliza kwa wiki moja.

Hapo nakuja kwenye chokaa, ambako nilikosea kwanza kabla ya kupatia. Muuzaji wa kwanza aliniuzia magunia yaliyoandikwa kuwa ni mchanganyiko tayari wa chokaa kwa nyumba za zamani. Nilipiga sehemu ndogo nyuma ya mlango kama jaribio, na siku ya pili ilikuwa ngumu na ya kijivu kiasi kwamba ukucha haukuacha alama. Nilimrudia nikamuuliza mara tatu, na mara ya tatu akakubali kwamba ndani mna saruji "kidogo ya kusaidia". Saruji hata kidogo inaufunga ukuta uliojengwa kupumua. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwa maneno ya wazi: je, ndani ya gunia mna saruji yoyote, na kama ni chokaa inayoganda kwa maji, ni ya daraja gani? Muuzaji asiyejua jibu, au anayejibu kwamba haina tofauti, asinunuliwe kitu.

Muuzaji wa pili anauza chokaa iliyozimwa katika ndoo zenye mifuniko, ikiwa laini kama siagi na maji kidogo juu yake, na anasisitiza isiwe imekaa chini ya miezi mitatu tangu izimwe. Anayenunua kwa mara ya kwanza anapewa mafunzo ya nusu siku, na mafunzo hayo yanastahili kusifiwa zaidi ya ndoo zenyewe. Alituanzia mwanzo: jiwe la chokaa linachomwa kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selisiasi, linatoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa isiyozimwa, chokaa hiyo ikikutana na maji inachemka na kuwa ute mweupe, na ute ule ukishapakwa ukutani unairudisha taratibu ile kaboni dioksidi kutoka hewani mpaka unakuwa tena jiwe lilelile. Aliyesikiliza hilo anaelewa peke yake kwa nini lipu ya chokaa haipakwi kwa unene mkubwa wala haiharakishwi, kwa kuwa hewa lazima ipate kufika ndani.

Kisha alifanya jambo dogo ambalo sijaliona likifanywa na muuza vifaa mwingine. Alijaza chupa ya kioo mchanga mkavu hadi ukingoni, akachukua chupa nyingine ya ukubwa uleule iliyojaa maji, akawa anamimina maji polepole juu ya mchanga mpaka yakafika ukingoni. Ile chupa ya maji ilipungua kwa theluthi moja. "Hizo ndizo nafasi zilizomo kati ya chembe," alisema, "na chokaa inakwenda kujaza nafasi hizo." Ndiyo sababu mchanganyiko ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na ndiyo sababu mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, usio na udongo. Nilirudi nyumbani na kuujaribu mchanga niliokuwa nimeletewa uani kwa njia hiyohiyo. Ulimeza maji karibu nusu ya chupa, nikaurudisha.

Kazi yenyewe niliifanya na vijana wawili waliohudhuria mafunzo pamoja nami. Tulilowesha ukuta jioni na tena asubuhi, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Tulipiga tabaka za milimita 10 hivi, tukazikwaruza kwa msumari ili tabaka inayofuata ipate pa kushika, tukaning'iniza magunia yaliyolowa mbele yake na kuyanyunyizia maji mara tatu kwa siku. Upande mmoja, wa magharibi, tuliuacha siku moja bila magunia, jua la mchana likaupiga, na jioni ulikuwa na nyufa kama za tope lililokauka, tukaubandua wote. Hilo lilikuwa kosa letu wala si la chokaa, na muuzaji alikuwa ametuonya. Mwishoni tulipaka chokaa nyepesi ya maji, mikono mitano. Mkono wa kwanza unakatisha tamaa, kwa sababu ukutani unaonekana kama maji machafu, lakini kesho yake umegeuka mweupe, na kufikia mkono wa tano kuta zina weupe wenye kina ambao rangi ya dukani haijawahi kunionyesha.

Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji ya Portland, chimbuko la saruji ya kisasa, mwaka 1824, na saruji ni kitu chema katika jengo lililobuniwa kwa ajili yake. Nalitaja hilo kwa sababu baadhi ya mafundi niliowahoji walinichukulia kama mtu anayechukia vitu vipya. Nyumba yangu ni kongwe kuliko mazoea ya saruji, na kila kiungo chake kimewekwa na watu waliotegemea chokaa.

Muuzaji huyu wa pili namlaumu kwa jambo moja zito. Chokaa mbichi ni kali, inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho, na onyo la ndoo yake limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Katika mafunzo alilisema, lakini anayenunua bila mafunzo hatalisikia. Mmoja wa vijana wangu alirukiwa na tone karibu na jicho siku ya pili. Alikuwa amevaa miwani ya kazi, na maji safi yalikuwa karibu. Onyo hilo linapaswa kuwa juu ya mfuniko, kwa maandishi makubwa.

Kuhusu umeme sina mengi. Fundi alikubali kupitisha nyaya chini ya mbao za sakafu na kwenye njia zilizokuwapo badala ya kuchimba mifereji katika lipu ya zamani, alizihesabu na kuziwekea alama mbao alizoziinua, akazirudisha kila moja mahali pake. Ilichukua siku mbili zaidi. Mwenye nyumba kongwe aliweke sharti hilo kwenye mkataba.

Madirisha ndiyo yaliyonigawanya moyo. Kampuni moja niliyoiita ilinipa makadirio ya kuyatoa yote na kuweka ya plastiki kwa siku nne, na mjumbe wao alisema kwa uhakika kwamba mbao zile "zimekufa". Fundi wa madirisha niliyemchukua badala yao alikuja na kisu kidogo, akachoma kila kiungo, akaniambia kwamba kati ya madirisha kumi na moja, tisa yameoza kwenye vizingiti vya chini tu, mahali ambapo maji hukaa, na mbao nyingine zote ni nzima. Zilikuwa za miti iliyokua polepole, yenye pete zilizobanana, na alisema mbao mpya atakazoweka hazitazifikia. Dirisha la zamani lina faida moja ambayo mjumbe wa plastiki hakuigusa: limetengenezwa kwa vipande, na kila kipande kinaweza kutolewa na kurudishwa. Dirisha la vioo viwili vilivyofungwa pamoja likipoteza hewa yake kati ya vioo, kioo kizima kinatupwa.

Majibu ya maabara yalikuja na risasi katika rangi, jambo linalotarajiwa katika nyumba ya umri huu. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978 tu. Fundi aliyatoa madirisha, akaziba nafasi kwa mbao nyembamba, akafanya kazi yote bandani kwake. Hakutumia moto wala msasa mkavu, kwa sababu moto unageuza risasi kuwa moshi na msasa unaigeuza kuwa vumbi ambalo watoto hulimeza. Alikwangua kwa kulowesha, akakusanya maganda yote kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Matambara ya mafuta ya kitani aliyatandaza nje moja moja, kwa kuwa yakikunjwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe.

Siku moja alinionyesha komeo la dirisha la sebule, ambalo mimi nilidhani ni kipande cha chuma kisicho na umbo. Alikuwa amelilaza usiku kucha kwenye chungu cha zamani chenye maji ya moto, na asubuhi rangi ilikuwa imelegea. Aliibandua kwa kijiti, ikatoka nzima kama ganda la yai, na kwenye ukingo wake tulihesabu rangi tisa, kutoka nyeupe ya juu hadi kijani kibichi kilichogusana na madini. Ndani yake lilitoka komeo la shaba ya manjano, na mahali pa kushikia palikuwa na alama ndogo za tupa za mtu aliyelitengeneza kwa mkono. Tulikaa kimya kidogo tukilitazama.

Namna anavyounga mbao inakubaliana na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa kazi za uhifadhi wa majengo duniani: sehemu mpya iafikiane na jengo zima, lakini iweze kutambulika kuwa ni mpya, na ukarabati usimame pale ambapo kubahatisha kunaanza. Anakata kilichooza kwa mshazari, anaweka kipande kipya kinachofuata nyuzi za kile cha zamani, na ndani, mahali pasipoonekana dirisha likifungwa, anagonga mwaka wa kazi kwa patasi. Vioo vya zamani alivirudisha vyote isipokuwa viwili vilivyokuwa vimepasuka. Badala yake aliweka vioo vya kisasa vinavyotengenezwa kwa kuelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, teknolojia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na tofauti inaonekana: hivi viwili vimenyooka kabisa na havina mawimbi. Aliniuliza kama nataka avitafute vya zamani kutoka nyumba zilizobomolewa. Nilikataa, kwa kuwa nyumba iliyopoteza vioo viwili iwe na haki ya kuonekana kwamba imevipoteza.

Kasoro zake ni mbili na zote ni za kweli. Aliahidi miezi mitatu, akatumia saba, na kwa muda huo vyumba vinne vilikaa gizani. Na katika dirisha la kwanza alitumia lakiri ya kisasa ya kushikiza kioo, inayokauka upesi, bila kuniuliza. Nilipoiona na kumwambia, aliiondoa bila kubishana na kuweka ya mafuta ya kitani na unga wa chaki, ambayo fundi mwingine ataweza kuilainisha na kuitoa kioo kikivunjika. Ningemshauri kila mteja wake aandike vifaa katika mkataba, kimoja kimoja, na aweke malipo ya mwisho baada ya dirisha la mwisho.

Nikiulizwa niwapange, mkaguzi wa pili nampa alama za juu kabisa na ningemwita tena hata kwa nyumba ninayodhani naijua. Muuza chokaa wa pili nampa alama nzuri, na zitapanda siku onyo litakapohamia kwenye mfuniko. Fundi wa madirisha nampa alama za juu kwa mikono yake na za kati kwa kalenda yake. Huduma hizi hazimfai anayetaka kuhamia baada ya miezi mitatu, wala anayehesabu gharama za mwaka wa kwanza pekee.

Imebaki ngazi ya nyuma, ambayo hatua zake tatu za chini zimeliwa na ule unyevu wa kibustani. Fundi wa madirisha ameshazipima na amekubali kuanza baada ya kumaliza kazi nyingine aliyonayo. Mkaguzi naye nimemwandikia kuomba aje tena, naye amejibu kwa mstari mmoja, akiniuliza mvua zinaanza lini.